Mkimbizi na Mkimbiaji: Usawiri wa Mwanariadha wa Mita 400 katika Masimulizi ya Kambi ya Ngong, Kajiado

Utangulizi

Kitenzi -kimbia kimezaa nomino mbili ambazo kwa muda mrefu zimeishi mbalimbali katika Kiswahili. Ya kwanza ni mkimbizi, iliyoundwa kwa kiambishi -zi kama ilivyo mlezi kutokana na -lea au mtembezi kutokana na -tembea. Ya pili ni mkimbiaji, iliyoundwa kwa kiambishi -aji ambacho aghalabu huashiria mtu atendaye jambo kwa mazoea au kama kazi yake. Umbo halitoshi kueleza umbali uliopo baina ya nomino hizi. Matumizi ndiyo yaliyozitenganisha. Mkimbizi huulizwa alikimbia nini. Mkimbiaji huulizwa alikimbia umbali gani, na kwa muda gani.

Mnamo tarehe 3 Juni 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kikosi cha kwanza cha wanariadha wakimbizi kwa ajili ya michezo ya Rio de Janeiro. Watano kati ya kumi waliotajwa walikuwa wakimbiaji wenye asili ya Sudan Kusini waliopitia kambi ya Kakuma na kufanya mazoezi Ngong, katika Kaunti ya Kajiado, chini ya taasisi ya Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen na Yiech Pur Biel walikimbia mita 800. Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro mita 1500. James Nyang Chiengjiek mita 400. Tangu hapo pamekuwa na mkururo wa masimulizi juu yao: wasifu mfupi uliotolewa na mashirika, ripoti za magazeti, mahojiano na filamu.

Makala haya yanayasoma masimulizi hayo kama matini, yaani kazi zenye msuko, wahusika na mandhari, na kwa hiyo zenye uteuzi. Yanashikilia kwamba undugu wa nomino mbili zilizotajwa umegeuzwa kuwa nadharia isiyohojiwa: mbio za uwanjani zinasimuliwa kana kwamba ni mwendelezo wa mbio za kukimbia vita. Ni kweli kwamba mengi ya masimulizi hayo yalitungwa kwa Kiingereza, ambacho nomino zake hazina undugu huu. Lakini kitenzi chake nacho hubeba maana zote mbili, na waandishi wamekichezea kwa furaha. Matokeo ni kwamba mkimbizi anamezwa nuru yote na mkimbiaji anabaki gizani. Hali hii inadhihirika zaidi kwa Chiengjiek kuliko kwa wenzake wanne, kwa sababu ambayo haikupata kuzingatiwa: umbali aliokimbia haukubali kufasiriwa hivyo.

Kiolezo

Wasifu wa Chiengjiek kama ulivyosambazwa mwaka 2016 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ni mfupi mno, na ufupi huo unasaidia kuona mifupa yake. Mtoto mchungaji wa ng'ombe anatoka Bentiu. Baba yake, askari, anafariki mwaka 1999. Akiwa na umri wa miaka 13 anaondoka ili asitekwe na waasi waliokuwa wakiwaingiza watoto jeshini. Anafika Kenya, anakaa Kakuma, anasoma katika mji mmoja wa nyanda za juu unaosifika kwa wakimbiaji, na huko anajiunga na wavulana waliomzidi umri waliokuwa wakijiandaa kwa mbio ndefu. Hana viatu vya kufaa, wenye viatu wanamwazima asiye navyo, wote wanaumia. Kisha wanateuliwa, na Rio inafunguka.

Yeyote aliyesoma uchambuzi wa Vladimir Propp juu ya ngano (1928) atatambua majukumu: kuondoka nyumbani, adui, jaribio, msaidizi, kupewa chombo, kutambuliwa. Hakuna kosa katika jambo hilo. Maisha ya watu husimuliwa kwa violezo, la sivyo yasingesimulika. Tatizo linaanza pale kiolezo kinapoamua nani ni shujaa. Katika ngano, msaidizi humpa shujaa upanga kisha hujiondoa. Katika masimulizi ya kikosi cha wakimbizi, msaidizi (shirika, kamati, mfadhili wa viatu) anabaki jukwaani hadi mwisho, na kilele cha hadithi ni tendo lake la kufungua lango.

Fasihi ya Kiswahili ya Kenya imepata kukutana na kiolezo hiki. Katika Uhuru wa Watumwa (1934) James Mbotela aliandika habari za watu waliong'olewa makwao, wakaokolewa baharini na kutuliwa Freretown, Mombasa. Wahakiki wa baada ya uhuru walimshutumu kwa kumfanya mwokozi Mwingereza kuwa mhusika mkuu na waliookolewa kuwa watu wa kushukuru. Shutuma hiyo ilikuwa kali kupita kiasi. Mbotela alikuwa mtoto wa mmoja wa waliookolewa, na shukrani yake haikuwa ya kuigiza. Hata hivyo swali lililoulizwa juu yake linastahili kuulizwa juu ya wasifu wa mwaka 2016, ulioandikwa na watu wasio na udhuru wa Mbotela: mtu huyu anafanya nini ndani ya hadithi yake baada ya kuokolewa?

Inafaa pia kukumbuka kwamba mapokeo ya Waswahili yana shujaa mtoro wa zamani zaidi. Fumo Liyongo anawindwa, anafungwa, anatoroka, anaishi porini. Lakini hakuna msimulizi wa Liyongo aliyepata kudai kwamba ustadi wake wa upinde ulitokana na kutoroka. Alikuwa nao kabla, na ndio uliomfanya awindwe. Utoro ni tukio katika maisha ya mtu mwenye ustadi. Shaaban Robert naye, katika wasifu wa Siti binti Saad, anamtoa msichana Fumba na kumfikisha mjini Unguja bila kuifanya safari hiyo kuwa maelezo ya sauti yake.

Mita 400

Mbio za mita 400 huanza kwa kuchutama kwenye vibao vya kuanzia, kila mtu katika njia yake, waanzao wakiwa wamepishanishwa ili kusawazisha upindo. Aliye njia ya nje hawaoni wenzake hadi wampite. Ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja: anayekimbia katika njia ya kwanza humalizia palepale alipoanzia. Karibu theluthi mbili za njia, asidi hujaa misulini na miguu hukataa; kazi ya kocha wa mita 400 ni kumfundisha mtu kugawa nguvu ili siku ya mashindano kukataa huko kuchelewe. Haya ni maarifa. Hayapatikani kwa kutembea kutoka Bentiu hadi Turkana, na hayapatikani kwa uvumilivu peke yake, sifa ambayo wasifu wa wakimbizi huitaja kuliko zote.

Hapa ndipo sitiari inapovunjika. Mbio za kukimbia vita ni safari ya upande mmoja, ndefu, isiyo na saa wala mstari wa kumalizia. Zikilinganishwa na marathoni au mita 10,000, msomaji anaweza kudanganyika. Zikilinganishwa na mzunguko mmoja wa uwanja unaokamilika chini ya dakika moja, ulinganisho unakuwa wa kupachika. Waandishi walilisuluhisha tatizo hili kwa njia rahisi: waliutaja umbali mara moja, katika mabano au kichwa cha habari, kisha wakauacha. Chiengjiek akawa "mwanariadha", neno pana linaloweza kumsitiri mrusha mkuki.

Kuna sababu ya pili, na hii ni ya Kenya yenyewe. Hadithi ambayo Kenya hujisimulia kuhusu riadha ni hadithi ya nyanda za juu na umbali mrefu. Mbio fupi hukaa pembeni yake, ingawa historia inasema vingine. Mwaka 1972 huko Munich, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, na Sang akapata shaba yake binafsi katika mita 400. Samson Kitur alipata shaba katika umbali huohuo Barcelona mwaka 1992. Ilibidi kusubiri hadi Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Kasarani, ndipo umma ukubali kwa sauti kwamba Mkenya anaweza kuwa mtu wa mbio fupi. Mvulana kutoka Bentiu aliyeanza miongoni mwa wavulana wa mbio ndefu, kisha akafika Olimpiki kwa mita 400, aliasi hadithi mbili kwa pamoja: ya mkimbizi na ya mwenyeji wake. Uasi huo ndio kiini cha maisha yake ya riadha, nao haumo katika wasifu.

Chukua jambo la viatu. Katika masimulizi, viatu vya kuazima ni alama ya ufukara na udugu. Msomaji anaguswa, anageuza ukurasa. Lakini kisomwe kisa hicho kwa jicho la mkimbiaji wa mbio fupi. Viatu vya misumari huchaguliwa kwa kipimo cha mguu na kwa umbali. Soli yake huamua jinsi kano ya kisigino inavyopokea kishindo cha kila hatua. Kiatu kisicho cha mtu humharibia mkao kabla hakijamtoa damu. Kwa hiyo Chiengjiek anapoeleza kwamba waliumia kwa sababu ya viatu visivyofaa, anatoa taarifa ya kiufundi juu ya muda wa mazoezi uliopotea. Ni yeye anayezungumza kama mkimbiaji. Mwandishi wa wasifu anamsikia mkimbizi.

Ulinganisho unaodhihirisha haya kwa uwazi zaidi unapatikana katika michezo hiyohiyo na umbali huohuo. Mwezi Agosti 2016 Chiengjiek alikimbia mchujo wa mita 400 kwa sekunde 52.89, akawa wa mwisho katika kundi lake. Siku mbili baadaye Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alishinda fainali kwa sekunde 43.03, rekodi mpya ya dunia. Ushindi wa van Niekerk ulisimuliwa kwa njia ya nane aliyokimbilia, isiyompa mtu wa kumfukuza. Kwa mgawanyo wa nguvu zake. Kwa kocha wake Ans Botha, bibi wa miaka 74. Kila kitu kilichotajwa kilikuwa ndani ya uwanja au kilielekea humo. Wa Chiengjiek ulisimuliwa kwa kila kitu kilicho nje ya uwanja. Tofauti ya sekunde 9.86 haikutajwa, pengine kwa adabu. Adabu hiyo ni ya kushuku. Kumficha mkimbiaji muda wake ni kumnyima kipimo pekee ambacho aliingia uwanjani kupimwa nacho, na ni kukiri kimyakimya kwamba hakualikwa ili apimwe.

Kajiado isiyosimuliwa

Mandhari ya masimulizi haya ni matatu: kijiji cha vita, kambi ya vumbi, uwanja wa taa. Ngong hutajwa kama kituo cha basi. Ilhali ndiko mwili wa mkimbiaji ulikotengenezwa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara ambazo watu wengine huzitumia kwenda sokoni.

Kusahauliwa kwa Ngong kuna historia yake katika maandishi. Tangu Karen Blixen alipochapisha Out of Africa mwaka 1937, vilima vile vimekuwa mandhari ya nyuma katika hadithi za watu waliokuja na kuondoka. Masimulizi ya kikosi cha wakimbizi yanaurithi mtazamo huo bila kujua.

Mwandishi ambaye angekaa Kajiado kwa muda angegundua jambo lenye manufaa kwa hadithi yake, nalo ni kwamba ametua mahali palipojengwa na kuhamishwa. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai Rift Valley na Laikipia, na wengi wao wakasukumwa kusini, katika hifadhi ambayo ndani yake mna Kajiado ya leo. Upande wa mashariki, kando ya barabara ya Namanga, ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa vipande katika miaka ya 1980. Viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, Nairobi ikafurika, na uwanda uliokuwa malisho ya ng'ombe na njia ya nyumbu watokao katika mbuga ukawa mji wa ploti na nyua. Nani mgeni Kitengela, nani mwenyeji? Swali hilo hujibiwa kwa namna mbalimbali kutegemea anayejibu anamiliki nini. Ndani ya kaunti kama hiyo mkimbizi si mtu wa ajabu. Ni mpangaji mmoja zaidi, isipokuwa kwa jambo moja: karatasi.

Jambo hilo la karatasi ndilo lililo zito, na ndilo lililopunjwa kuliko yote. Kwa sera ya Kenya, mkimbizi hutakiwa kuishi kambini, na anayetoka huhitaji kibali. Desemba 2012, na tena Machi 2014, serikali iliwaamuru wakimbizi wa mijini warudi Kakuma na Dadaab. Aprili 2014 misako ilifuata Nairobi. Ni katika mazingira hayohayo ambapo kundi la vijana lilitolewa Kakuma, likapelekwa Ngong, mwendo mfupi tu kutoka mitaa iliyosakwa, likaruhusiwa kukaa kwa kuwa linakimbia. Ruhusa ya kuishi Kajiado ilifungamana na kasi ya miguu. Mkimbiaji yeyote wa mita 400 huamka akiiogopa saa. Huyu alikuwa na sababu zaidi ya kuiogopa. Huo ni mgogoro wa kweli, wa ndani na wa nje kwa pamoja, ambao mtunzi yeyote wa tamthilia angeukimbilia. Waandishi wa wasifu waliupita kwa sentensi moja ya shukrani kwa serikali mwenyeji.

Waliojisimulia

Je, mwanariadha akishika kalamu mwenyewe, kiolezo hulegea? Si lazima. Lopez Lomong, aliyeishi Kakuma kwa miaka kumi kabla ya kuhamia Marekani mwaka 2001 na kubeba bendera ya nchi hiyo Beijing mwaka 2008, alitoa tawasifu yake Running for My Life mwaka 2012. Jina la kitabu ni mchezo uleule wa kitenzi. Kichwa chake kidogo kinamtoa mvulana katika viwanja vya mauaji vya Sudan na kumfikisha Olimpiki, na hivyo kuiruka Kenya nzima. Hata hivyo ndani ya kitabu mna kipengele ambacho kiolezo hakikukitarajia: mwaka 2000 mvulana analipa shilingi tano kutazama televisheni, anamwona Michael Johnson akishinda mita 400 za Sydney, na hapo anataka kuwa kama yeye. Anachokitamani ni ufundi wa mtu mwingine. Kwa nukta moja, mkimbiaji amezaliwa bila msaada wa mkimbizi. Ni ukurasa bora wa kitabu.

Kisa cha Mo Farah ni funzo la namna nyingine. Twin Ambitions (2013) ilimsimulia mtoto aliyefika London pamoja na jamaa zake. Mwaka 2022, katika filamu ya BBC, Farah alieleza kwamba aliletwa kutoka Djibouti na mtu asiye ndugu yake, chini ya jina la mtoto mwingine, akafanyishwa kazi za nyumbani. Jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Si haki kumlaumu mtu aliyejilinda. Kinachomhusu mhakiki ni kwamba hadithi ya kwanza ilipokewa bila shaka kwa miaka tisa, kwa sababu ilikuwa na umbo ambalo msomaji alikwisha kulijua.

Dominic Lokinyomo Lobalu alitoka katika kambi ileile ya Ngong, naye alijibu kiolezo kwa tendo. Mwaka 2019, baada ya mashindano Geneva, aliondoka kikosini. Kwa maelezo yake mwenyewe, suala lilikuwa fedha za zawadi. Mhusika wa shukrani ameuliza habari za ujira, na kwa swali hilo amehama kutoka kiambishi -zi hadi -aji. Baada ya miaka ya kusubiri aliikimbilia Uswisi na kutwaa dhahabu ya Ulaya ya mita 10,000 Roma mwezi Juni 2024. Miezi miwili baadaye, Paris, kwa kuwa Kamati ya Olimpiki haikumkubali kama Mswisi, alirudishiwa sare ya wakimbizi, akawa wa nne katika mita 5000, sekunde 0.14 nyuma ya shaba. Safari hii muda wake ulitajwa kila mahali.

Lobalu alihitaji kuwa wa nne duniani ili asomwe kama mkimbiaji. Wenzake wa mwaka 2016 hawakupata nafasi hiyo, ingawa ushahidi upo katika majedwali ya matokeo, matini ambayo wahakiki hawana desturi ya kuyasoma. Lokonyen alikimbia mita 800 kwa dakika 2:16.64 Rio, huko Tokyo mwaka 2021 alikimbia 2:11.87. Lohalith alishuka kutoka 4:47.38 hadi 4:31.65 katika mita 1500. Miaka mitano ya kazi Kajiado imeandikwa katika tofauti hizo kwa usahihi ambao hakuna wasifu ulioukaribia.

Chiengjiek naye alikwenda Tokyo, safari hii katika mita 800. Kuhama kutoka mzunguko mmoja hadi miwili ni uamuzi mkubwa katika maisha ya mkimbiaji: hubadili mazoezi, uzito, namna ya kupumua, hata watu wa kufanya nao mazoezi. Kiolezo hakina pa kuuweka uamuzi huo, kwa sababu ndani yake hakuna vita wala mwokozi. Katika mchujo aliangushwa na msongamano, akainuka, akamaliza. Tukio la kuanguka na kuinuka ni rahisi mno kuligeuza ishara ya maisha ya mkimbizi. Lakini katika mita 800, tofauti na mita 400, wakimbiaji huacha njia zao baada ya upindo wa kwanza na kubanana ukingoni, na mtu aliyezoea kukimbia peke yake katika njia yake anapaswa kujifunza upya mahali pa kuweka viwiko.